Bei Haina Masikio

Anayedai kwamba hedifoni ghali ndiyo hedifoni bora amepima mfuko, hakupima sauti. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha vipimo vya hedifoni 283, akilinganisha bei zake na jinsi zinavyotoa besi, sauti za kati na sauti nyembamba. Hakuona uhusiano kati ya bei na utoaji huo. Hata sifa ya kufika hezi 40,000 inayopigiwa debe kwenye maboksi ni pambo tu, kwa kuwa sikio la binadamu lenye afya hukomea karibu hezi 20,000, na kikomo hicho hushuka kadiri umri unavyosonga.

Atajibu kwamba zilizo ghali hudumu, hukaa vizuri kichwani na hupunguza kelele za daladala. Mara nyingi ni kweli, lakini hizo ni sifa za uundaji na starehe, si ushahidi wa muziki safi zaidi. Kwa hiyo, msomaji, kabla ya kulipa zivae zote, za ghali na za rahisi, sikiliza wimbo mmoja unaoujua vizuri, usawazishe ukubwa wa sauti, maana inayovuma zaidi hulaghai sikio. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.