Maji kwanza, ng'ombe baadaye

MFUGAJI wa Makangale, Wilaya ya Micheweni, Pemba, amezungukwa na bahari, lakini maji ya kunywesha mifugo yanamsumbua.

Si kwamba mvua hainyeshi. Pemba hupata zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka. Tatizo ni kwamba nyingi hunyesha wakati wa masika, Machi hadi Mei, na penye maweni huzama mara moja katika mawe yenye matundu. Ifikapo Januari na Februari, jua la kaskazi linapowaka, watu na mifugo hugombea visima.

Wapo wanaodhani dawa ni kuchimba zaidi. Ramani yenye mistari ya mwinuko humwonyesha mtu bonde lilipo na kisima kilipo, lakini haimwonyeshi ladha ya maji. Visiwani maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi. Kwa kanuni, maji matamu yakishuka mita 1, chumvi inaweza kupanda hadi mita 40. Pampu moja yenye nguvu yaweza kuharibu kisima cha mtaa mzima.

Hasara yake huonekana sokoni. Maziwa ni maji kwa takriban asilimia 87. Ng'ombe mwenye kiu hupunguza maziwa, na mchuuzi anayeyapeleka Konde au Wete hubeba ndoo nusu.

Hesabu ya paa ni rahisi. Bati la mita za mraba 50, kwa mvua ya milimita 1,000, hupokea lita 50,000. Ng'ombe wawili wakinywa lita 40 kila mmoja kwa siku, siku 90 za ukame zinahitaji lita 7,200 tu. Kinachokosekana ni pa kuyaweka maji hayo.

Hivyo, Mamlaka ya Maji Zanzibar na uongozi wa shehia wapime chumvi ya visima kabla ya pampu mpya kufungwa. Vyama vya kuweka na kukopa viwakopeshe wafugaji matangi, warejeshe kwa fedha ya maziwa. Nao wafugaji wasiingize mifugo katika msitu wa Ngezi, kwani miti husaidia maji ya mvua kuzama ardhini badala ya kukimbilia baharini.

Anayeongeza ng'ombe bila kuongeza maji anaongeza kiu. Na wahenga walishaonya: mchimba kisima huingia mwenyewe.