Jina la Mchezaji, Mikono ya Wasanifu

Mwanafunzi yeyote apendaye mpira wa vikapu atakuambia, bila ya kusita, kwamba raba za Air Jordan ni za Michael Jordan. Jawabu hilo si la uongo, ila ni nusu ya ukweli. Sisi wanaisimu twafahamu kwamba jina hutambulisha kitu, na papo hapo huweza kuwafunika waliokitengeneza. Jina la raba hizi limewafunika wengi.

Natuanze na alama ya ubavuni, inayofanana na alama ya vema itiwayo na mwalimu daftarini. Aliichora Carolyn Davidson mwaka 1971, alipokuwa mwanafunzi wa sanaa ya michoro katika Chuo Kikuu cha Portland State, Marekani. Phil Knight, aliyekuwa akifundisha uhasibu chuoni humo, ndiye aliyemwomba aichore kwa ajili ya kampuni yake changa ya viatu. Alimlipa dola 35. Wahenga walinena kwamba chanda chema huvikwa pete. Chake kilivikwa mwaka 1983, kampuni ilipomtunuku pete pamoja na hisa.

Ndani ya soli mna kazi ya mtu mwingine. Marion Franklin Rudy, mhandisi wa vyombo vya angani, ndiye aliyebuni kifuko cha gesi kipunguzacho kishindo cha mguu. Bila yeye, neno "Air" lisingalikuwa na maana.

Peter Moore alisanifu Air Jordan ya kwanza, iliyoingia sokoni mwaka 1985, akaitia nembo ya mpira wenye mabawa. Iliuzwa dola 65. Ligi ya NBA ilipopinga viatu vya rangi nyeusi na nyekundu, kampuni iliyageuza makatazo hayo kuwa tangazo la biashara.

Kisha akaja Tinker Hatfield, aliyesomea usanifu wa majengo. Huyu alianza kwa kumwuliza mchezaji anataka nini. Jordan alitaka ngozi laini na shingo fupi zaidi. Matokeo yake yalikuwa Air Jordan ya tatu, ya mwaka 1988, yenye mapambo mithili ya mikunjo ya ngozi ya ndovu, na kidirisha kisiginoni kinachoonyesha kile kifuko cha Rudy. Wazo la kidirisha Hatfield alikuwa amekwisha kulitumia mwaka 1987 katika kiatu kingine, baada ya kuvutiwa na jengo la Pompidou mjini Paris, ambalo mabomba yake yamewekwa nje badala ya kufichwa.

Basi katika kiatu kimoja mmekutana mwanafunzi wa sanaa, mhandisi, msanifu na mwanamichezo. Hata hivyo, aghalabu mtoto achoraye viatu pembeni mwa daftari la hesabu huambiwa kwamba anapoteza wakati, hali mwenzake atamaniye kuvinunua hachukuliwi kuwa mpotevu. Hapo tumekosea mizani. Hesabu na isomwe, wala hakuna asemaye vinginevyo. Lakini mwalimu na amwulize mtoto huyo: soli hii itauzuiaje mguu usiumie? Mbona shingo umeifanya ndefu? Ni nani atakayekivaa? Maswali kama hayo ndiyo yaliyoizaa Air Jordan ya tatu, na kuyauliza darasani hakugharimu hata senti moja.