Safari ya Mumbai Isianze kwa Deni

Baada ya kumhimidi Mola wetu na kumtakia rehema na amani Mtume wake, leo najibu swali la mama mmoja wa hapa Mugutha, miongoni mwa familia za pwani zilizohamia huku baina ya Ruiru na Thika. Mumewe ataka kuwapeleka Mumbai, mji ambao wazee wetu waliuita Bombay, katika likizo ya Agosti. Wasafiri ni watano: mume, mke, watoto wawili na mama mzazi wa mume. Fedha hazitoshi. Mume aona kilichopungua kikopwe kwa simu, na mke aongeze akiba yake ya chama. Mama auliza: nikikataa, nitakuwa nimemwasi mume wangu?

La, mama. Akiba ya mke ni mali yake. Akitoa kwa radhi yake ni wema, akizuia hana dhambi. Matumizi ya nyumba yako juu ya mume. Ama mkopo wa kulipwa kwa nyongeza, hiyo ni riba, na matembezi si dharura ya kuihalalisha. Tena muhula wa tatu hufunguliwa mara tu likizo hiyo inapokwisha. Mtoto aliyepigwa picha ufukweni Mumbai kisha akarudishwa nyumbani kwa kukosa karo amedhulumiwa, hata kama alicheka katika picha.

Hata hivyo, nia ya mume ni njema. Kuwatembeza watoto, na kumpa mama mzee furaha ya kuuona mji aliousikia tangu utotoni, ni ihsani. Wazee wa Mombasa wangali wazikumbuka meli za Kampala na Karanja zilizokuwa zikienda huko. Basi nisiseme msiende. Niseme namna ya kwenda.

La kwanza ni msimu. Upepo wa kusi, utuleteao ubaridi pwani, ndio huohuo unaomwaga mvua Mumbai tangu Juni hadi Septemba. Tarehe 26 Julai 2005 zilinyesha milimita 944 kwa siku moja katika sehemu ya mji huo. Treni zilisimama na watu wengi wakafa. Manahodha wa majahazi waliuheshimu upepo huu: walivuka kwenda India ukianza au ukipungua, si katikati ya nguvu zake. Ni kweli kwamba wakati wa mvua vyumba hushuka bei, na vijana wenye miguu myepesi waweza kufaidika. Lakini anayesafiri na mama mzee azingatie njia zilizojaa maji na ngazi zenye utelezi. Novemba, watoto wakiwa katika likizo ndefu, mji huwa mkavu, na nauli za mwisho wa Disemba hazijapanda.

La pili ni hesabu. Andikeni mafungu matano: nauli, vibali, malazi, chakula pamoja na usafiri wa mjini, na akiba ya dharura. Kila fungu lizidishwe kwa idadi ya watu. Wengi huuliza bei ya tiketi moja wakasahau kwamba wao ni watano. Shilingi 2,500 kila wiki kwa wiki 40 ni laki moja kamili. Mume aanze leo, aone zitamfikisha wapi kabla hajatamka tarehe mbele ya watoto. Na akiba ya dharura isiguswe kwa kununua vitambaa.

La tatu ni vibali na afya. Kila msafiri, hata mtoto, awe na pasipoti yenye uhai wa miezi sita au zaidi. Viza ya India huombwa kwa intaneti katika tovuti rasmi ya serikali yao. Jihadharini na tovuti zinazoiga ile rasmi na kutoza zaidi. Anayekusudia kutibiwa aombe viza ya matibabu, asijifanye mtalii. Atokaye Kenya hutakiwa kuwa na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, iliyochomwa siku 10 au zaidi kabla ya kufika. Asiye nayo huweza kutengwa hadi siku sita. Aliyepita miaka 60, kama huyo mama mkwe, amwone daktari kwanza, kwani chanjo hiyo huhitaji tahadhari kwa wazee.

La nne ni mwendo wenyewe. Kutoka Mugutha hadi uwanja wa Jomo Kenyatta mwaweza kupita barabara ya Eastern Bypass kutokea Ruiru bila kuingia katikati ya Nairobi. Gari moja la kukodi latosha. Mkifika, ulizeni mapema kama nyumba ya wageni hupokea wageni wa nchi za nje, kwani si zote zipokeazo. Mtaa wa Mohammed Ali Road una misikiti na mikahawa ya halali. Treni za mjini zina mabehewa ya wanawake na nauli yake ni ndogo mno, ila epukeni saa za kwenda na kutoka kazini. Kutembea Marine Drive na kulitazama lango la Gateway of India hakuna malipo. Anayetaka kuuona msikiti na kaburi la Haji Ali, uliojengwa baharini, aulize saa za maji kujaa, kwani njia yake hufunikwa.

La tano ni ibada. Mwanamke asitoke katika safari ya matembezi ila na mume au maharimu wake. Katika madhehebu ya Imam Shafii, mkinuia kukaa Mumbai siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, mtaswali kamili tangu mfikapo. Zikipungua, mwaweza kupunguza Adhuhuri, Alasiri na Isha. Si kila msikiti wa huko una nafasi ya wanawake, basi akina mama wapange swala zao karibu na malazi.

Rai yangu kwa nyumba hii ni kwamba safari ya Agosti hii iachwe. Karo itengwe kwanza, mkopo usiguswe, na mume akusanye kidogo kidogo hadi Novemba, au hata ya mwaka ujao. Fedha zikitosha watu watatu, mama mzee awe mmoja wao, na siku ziwe tano badala ya kumi. Nawe mama, mweleze mumeo haya kwa upole, usiku watoto wamelala, karatasi ya hesabu ikiwa mbele yenu. Mwambie unaipenda safari yake, na kwamba wataka mrudi kutoka Mumbai pasiwe na mtu wa kuwabishia mlango akidai chake.

Mwenyezi Mungu awape riziki ya halali na awafungulie njia. Wabillahi tawfiq.