Chumba cha Muziki Sio cha Kupigia Picha

Juzi kati staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, alipandisha video ya chumba chake kipya cha muziki. Spika ndefu kama mtoto wa darasa la tano, taa za rangi, sofa la ngozi, ukuta mzima wa kioo. Mashabiki wakamwaga makopa. Ila wanaojua mambo waliona kitu kingine: spika moja imebanwa kwenye kona, nyingine imezibwa na sofa, na kioo chote kile kazi yake ni kurudisha mwangwi tu. Pale hakuna anayesikiliza muziki. Pale panapigwa picha.

Sasa mcheki fundi simu mmoja wa Sinza, ambaye hata wafuasi mia hana. Mwaka jana mzee wake alifariki, ndugu wakagawana vitu. Friji ikaondoka, kabati likaondoka, TV ikagombewa na dada yake mpaka wakanuniana. Yeye akabaki na visivyotakiwa na mtu: amplifaya ya zamani, deki ya kaseti, spika mbili za mbao na boksi la kanda. Mnunuzi wa vyuma chakavu alishafika bei.

Jamaa akagoma kuuza. Akaifungua deki, akakuta mkanda wa mpira umeyeyuka kama lami. Akaweka mwingine, akasafisha hedi kwa pamba na spiriti. Kanda ya kwanza ilikuwa ya Mbaraka Mwinshehe. Nyimbo zilezile alizokuwa anazisikia kwenye simu, lakini safari hii besi inatembea, na rizimu inajibizana na solo. Alikaa kwenye ndoo mpaka upande ukaisha.

Hapo ndipo ugonjwa ulipoanza. Chumba chenyewe ni hichohicho cha kupanga anacholala. Alichofanya ni kuzivuta spika zitoke ukutani, akaziinua mpaka zile ndogo za sauti kali zikawa usawa wa masikio ya mtu aliyekaa. Akapima kwa kamba: kutoka spika hadi spika, na kutoka kila spika hadi kwenye kiti, urefu mmoja. Sakafu ya marumaru ilikuwa inarusha sauti, akatandika zulia. Dirishani pazia zito. Basi, chumba cha muziki kikawa tayari.

Vijana wengi wa mjini wanaamini mambo haya ni ya wenye hela, kwa hiyo wanaishia kwenye kaspika ka bluetooth juu ya friji. Sio dhambi. Kaspika kanafaa sana ukiwa unapika au unadeki. Sabufa nayo ina raha yake siku ya shughuli. Tatizo ni pale muziki wote unapogeuka kelele za kusindikiza kazi nyingine, mtu anaruka wimbo kabla haujafika kiitikio, halafu analalamika kwamba siku hizi hakuna nyimbo kali. Utaujuaje ukali wa wimbo ambao hujawahi kuukalia chini?

Enzi RTD ilipokuwa redio pekee Tanzania Bara, watu walikuwa wanavizia kipindi, kidole kiko kwenye kitufe cha kurekodi. Mzee wa yule fundi alikuwa mmoja wao. Katikati ya kanda mojawapo, wimbo unakatika, inasikika sauti yake ya ujana ikijaribu maiki: "Moja, mbili, moja, mbili." Anacheka, muziki unarudi.

Dada mtu aliitwa kuja kusikia. Akaja na uso wa mbuzi. Aliposikia kile kicheko akaomba irudishwe nyuma, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku hizi Jumapili yupo Sinza. TV aliyoigombea kaiacha kwake.

Kwa hiyo ushauri kwa yule staa ni mwepesi: spika anazo, na nzuri. Avute sofa, atundike pazia mbele ya kile kioo, azime kamera, asikilize albamu yake mwenyewe mwanzo mwisho. Huenda akagundua mengi.

Na wengine wote, kabla ya kuulizia bei za spika Kariakoo, ulizeni kwanza nyumbani: lile boksi la kanda za mzee liko wapi? Kanda hazisubiri. Ukungu ukishaingia, imekula kwenu.