Wiki sita za hatari kwa mtoto mchanga

Kabla mama hajaruhusiwa kutoka wodi ya wazazi, mwanawe huchomwa sindano ya kifua kikuu na kudondoshewa matone ya polio mdomoni. Chanjo ya homa ya ini B husubiri. Kwa ratiba iliyozoeleka Kenya na Tanzania, inafika wiki ya 6 ikiwa ndani ya sindano ya pamoja ya penta, kisha wiki ya 10 na ya 14. Wakati huo mtoto aliyeambukizwa na mama yake siku ya kuzaliwa ameshachelewa.

Kirusi cha B hukaa kwenye damu na majimaji ya mwili, na mlango wake mkubwa ni uzazi. Hapa umri ndio unaoamua kila kitu. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili wake hukifukuza wenyewe. Wanaobaki nacho hawafiki hata 5 katika kila 100. Kwa mtoto mchanga hesabu inageuka: takriban 90 katika 100 hubaki nacho maisha yao yote.

Tena hukaa nacho kimya. Mtoto anakua, anasoma, anaoa au anaolewa, anafanya kazi, huku ini likijijengea makovu. Ikifika miaka ya 40 tumbo linajaa maji, macho yanakuwa ya njano, na jamaa wanaanza kuulizana nani kamroga. Wengine huzungushwa kwa waganga hadi saratani ya ini inapogunduliwa, na hapo hospitali haina tena cha kuwapa ila kutuliza maumivu. Msiba huo ungeweza kuzuiwa kwa sindano isiyofika hata bei ya dola moja.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2024, lilisema watu milioni 254 wanaishi na homa ya ini B, na kwamba B na C kwa pamoja ziliua watu milioni 1.3 mwaka 2022. Asilimia 63 ya maambukizi mapya ya B yalitokea Afrika. Ni katika kanda hiyo hiyo ambako watoto wachanga 18 tu katika kila 100 walikuwa wakipata chanjo ya B ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa. Takwimu hizo mbili, zikisomwa pamoja, zinapaswa kumkosesha usingizi kila waziri wa afya.

Taiwan ilikuwa na mzigo mzito kama huu. Mwaka 1984 ilianza kuwachanja watoto wa akina mama wenye kirusi, na miaka miwili baadaye ikawachanja watoto wote. Mjini Taipei, watoto wa chini ya miaka 15 waliokuwa na kirusi walikuwa karibu 10 katika 100. Kufikia 1999 hawakufika hata mmoja katika 100. Saratani ya ini kwa watoto ilipungua kwa karibu nusu katika miaka kumi ya kwanza.

Kinachohitajika huku si kigeni. Muuguzi anayeshika sindano ya kifua kikuu anaweza kushika na ya homa ya ini B. Damu inayotolewa kliniki kupima VVU na kaswende inatosha kupima na B, na mjamzito mwenye kirusi kingi hupewa tenofovir, dawa ambayo tayari imo kwenye stoo za hospitali kwa ajili ya wanaoishi na VVU. Kazi ngumu ipo kwa wanaojifungulia nyumbani: hao lazima wafuatwe na wahudumu wa afya wa jamii siku hiyo hiyo.

Homa za ini hazifanani. Aina A na E huja na maji na chakula kilichochafuliwa, na dawa yake ni choo na maji safi. C haina chanjo, lakini vidonge vya takriban wiki 12 huiponya. B, ikishakuwa sugu, hudhibitiwa tu, na mwenye nayo hastahili kutengwa. Haiambukizi kwa kula sahani moja wala kupeana mkono. Wembe na mswaki ndivyo visivyofaa kushirikiwa, na watu wa nyumbani wapimwe, wasio nayo wachanjwe dozi 3.

Mjamzito anayekwenda kliniki mwezi huu ana haki ya kuuliza kama amepimwa homa ya ini B, na majibu yaandikwe kwenye kadi yake kabla hajaondoka.