Acheni kubandika msimbo kwa kila kitufe

Wasee wa programu, tuambiane ukweli. Dizaina amekesha akichora vitufe 20 kwenye Adobe Animate, ile iliyoitwa Flash, halafu wewe unabandika msimbo uleule kwa kila kimoja. Ishirini! Kesho akibadilisha umbo, eti amekuharibia kazi. Wacha zako. Tangu Flash CS3 ya 2007 unaweza kuandika klasi moja inayorithi MovieClip, kisha kila mchoro wa maktaba uupe hiyo kama klasi ya msingi. Tabia ikae kwa klasi, sura ibaki kwa dizaina. Mkubaliane tu majina ya vipande vya ndani, halafu achore upya hata mara kumi, kitufe bado kitaitika. Na umlipe kama mwenzako, si kama “mtu wa rangi”. Bila mchoro wake, watu watabofya nini?