Si kila homa ni taifodi

Masika yanapoingia, visima vifupi vya pwani huingiwa na maji yaliyopita vyooni. Homa na kuharisha hufuata, na wagonjwa wengi hurudi nyumbani na jibu lilelile: taifodi.

Mara nyingi jibu hilo hutokana na kipimo cha Widal, cha tangu mwaka 1896. Hutafuta kingamwili, si bakteria wenyewe, hivyo hata mwenye malaria anaweza kuambiwa ana taifodi. Cha kuaminika zaidi ni kuotesha damu maabara. Huchukua siku kadhaa, lakini huonyesha bakteria gani yupo na dawa ipi inamuua. Bila hivyo tunameza dawa kwa kubahatisha, na bakteria wanazidi kuwa sugu.

Lakini kipindupindu, nacho cha maji machafu, hakisubiri maabara. Ukiona choo kama maji ya mchele na macho yaliyoingia ndani, mpe mgonjwa maji ya chumvichumvi (ORS) na umkimbize kituo cha afya. Saa chache zinatosha kumuua.

Pwani hii inakijua. Kilipiga Zanzibar na Bagamoyo mwaka 1869, na Daktari James Christie alionyesha katika kitabu chake cha 1876 jinsi kilivyofuata njia za misafara. Mwaka 2015 kilizuka Dar es Salaam, kikasambaa mikoani.

Mtambo wa Ruvu Chini unasafisha maji humu humu Bagamoyo. Inatuuma kwamba bado zipo kaya jirani zinazokunywa ya kisimani. Tunataka mabomba yafike kwao, na uoteshaji wa damu upatikane katika kila hospitali ya wilaya.